Nilivyoendesha treni ya mvuke uani kwangu Moshi

Nimechoka kuulizwa "hiyo inatumia betri ngapi?" Ni treni ndogo ya modeli, na haina betri. Ina boila ya shaba nyekundu, ina moto ndani, ina maji yanayochemka, na inavuta mabehewa manne kuzunguka bustani ya mchicha ya mke wangu. Naandika kwa sababu kila nikianza kusimulia kuna mtu anadakia na ushauri wake, na huo ushauri wa bure ndio ulitaka kuniulia injini.

Injini yenyewe ni ya Roundhouse, kampuni ya Doncaster, Uingereza. Mpwa wangu aliyeko kule alinitafutia iliyotumika, kwa milioni moja na ushee, ukiweka na ya kumshukuru yule kijana aliyeibeba inakaribia mbili. Akaifunga ndani ya sweta. Uwanja wa ndege waliiona kwenye mashine, mabomba na vitangi, na bwana mmoja akaniuliza kwa upole kabisa kama ni bomu. Nikamwambia ni treni. Akaita mwenzake. Mwenzake akaita wa tatu. Mwisho walikuwa wanaisukuma juu ya meza wakifanya "chuku chuku", nami nimesimama na pasipoti mkononi. Ukisafirisha, hakikisha tangi la gesi ni tupu na limekaa wazi siku kadhaa, lisinuke.

Wengi wanakwama kwenye reli. Reli za dukani za upana huu, milimita 45 kati ya reli na reli, ni za shaba njano na bei yake kwa mita inatia kizunguzungu. Lakini wanaozihitaji ni watu wa treni za umeme, maana umeme wao unapita kwenye reli. Mvuke hauna habari na hayo. Chuma chochote kilichonyooka kinatosha. Mimi nilitumia fletibaa, vile vyuma bapa vya kutengenezea grili za madirisha. Ukikisimamisha kwa ubavu kinapinda kona kwa mikono mitupu.

Fundi wa mageti alinihakikishia kazi ni ndogo. "Bosi, nakuchomelea vyuma vya kukatiza chini, kesho jioni unachukua." Nikamwachia kipimo, kibao cha mninga cha milimita 45 kamili. Kesho jioni ikawa wiki, lakini kazi ilipendeza kwa macho, imepigwa na rangi ya fedha ambayo sikuiomba. Nikaweka injini. Ikaenda kama hatua mbili za mtu, ikapanda juu ya reli, ikalala ubavu. Nikairudisha, ikalala tena palepale. Kumbe chuma kikichomelewa kinavutana kikipoa: kila penye uchomeleaji reli zilikuwa zimesogeleana hadi milimita 43, katikati ya uchomeleaji mmoja na mwingine zikatanuka. Fundi alikuja, akachuchumaa, akatazama kwa jicho moja, akasema, "Hapa ni kupiga nyundo kidogo tu." Akapiga. Sehemu ile ikanyooka, ya pili yake ikapinda. Akapiga ya pili. Tuliishia na reli ya kuendeshea nyoka.

Aliyeniokoa ni seremala. Alichukua mabaki ya mninga, akakata vijitaruma, yaani vibao vya kulalia reli, kila kimoja akakitia mifereji miwili kwa msumeno, na fletibaa ikaingia kwa kugongwa na nyundo ya mbao. Hakuna moto, hakuna kuvutana. Kwenye kona tuliongeza kama milimita moja ya upana ili magurudumu yasibane, na hakuna kona yenye nusu kipenyo chini ya sentimita 60. Kutu inakuja kila masika, naisugua na msasa, maisha yanaendelea. Ila usipake mafuta juu ya reli kuzuia kutu, magurudumu yatazunguka palepale na injini haitasogea.

Na kwa nini 45? Hapa nina fahari yangu. Reli yetu ya Tanga, iliyoanza kujengwa 1893 na kufika Moshi 1911, ina upana wa mita moja. Gawanya kwa 22.5, unapata milimita 44 na ushee. Kwa hiyo treni zinazotengenezwa kwa kipimo cha 1:22.5, yaani ndogo mara 22.5 kuliko ya kweli, zikikaa kwenye reli ya 45 ni reli yetu hasa. Anayependa SGR, yenye milimita 1,435, atumie reli hiyohiyo na treni za 1:32. (Injini yangu kwa haki ni ya kipimo cha 1:19. Wenye macho makali wanyamaze.)

Sasa gesi. Hapa ushauri ulikuwa mwingi kuliko moto. Mmoja aliniambia niunganishe na mtungi wa jikoni. Huyo sisemi naye tena. Tangi la injini hii linajazwa kwa kichupa kilekile cha butani cha kujazia viberiti, kinauzwa dukani kwa elfu chache, na mdomo wake unaingia bila hata kubadilisha kitu. Unakigeuza juu chini, unakandamiza mpaka kianze kutema, basi.

Tatizo ni kwamba gesi ya viberiti ya bei ya chini ina uchafu, na tundu la kupitishia gesi kwenye kichomeo ni dogo mno. Wiki za kwanza ilikuwa inawaka vizuri, halafu mwali ukaanza kufifia, halafu ikawa haiwaki kabisa. Fundi pikipiki mmoja, mtu ninayemheshimu kwa mambo ya kabureta, alisema, "Zibua na sindano." Bahati nzuri sindano zote za mke wangu zilikuwa nene. Ukilitanua lile tundu hata kidogo gesi inazidi hewa, mwali unakuwa wa njano unaotoka bombani, na huna duka la kununua lingine kuanzia hapa hadi Dar. Nililifungua, nikaliloweka kwenye thina usiku kucha. Asubuhi nikachukua kile kichupa cha gesi, nikakibana kwenye tundu kwa upande wa pili, yaani upande gesi inakotokea, nikapuliza kinyumenyume. Kitu cheusi, kidogo hata kukisemea ni aibu, kikaruka kikatua kwenye kitambaa cheupe nilichotandika. Niliiita familia nzima waje wakione. Hakuna aliyevutiwa.

Kuwasha nako kuna utaratibu wake. Unafungua gesi kidogo sana, unaleta kiberiti juu ya bomba la moshi, siyo chini. Unasikia "pu!" na mwali unashuka wenyewe hadi kwenye kichomeo. Ukifungua gesi nyingi unawaka juu na kubaki juu. Kukiwa na upepo, subiri.

Maji. Tazama ndani ya birika lako la chai, ule ukoko mweupe. Huo huo utakaa ndani ya boila na hutaweza kuingiza mkono kuukwangua. Lazima maji yasiyo na madini. Vituo vya mafuta wanauza maji ya betri, lakini nisikilize vizuri: kuna chupa za maji safi ya kuongezea na kuna chupa za asidi, na nimewahi kukabidhiwa ya asidi na kijana akinihakikishia kwamba "yote ni ya betri, mzee." Soma lebo. Siku hizi natumia maji ya mvua, ninayokinga masika baada ya bati kuoshwa siku mbili tatu, nayachuja kwa kitambaa. Bure.

Oili ya gari nayo usiweke. Nilishauriwa hivyo na watu zaidi ya mmoja, na bomba likatema povu la rangi ya chai ya maziwa mpaka kwenye shati. Kuna mafuta mazito maalumu ya silinda za mvuke, chupa ndogo inakaa muda mrefu mno. Mvuke unaingia kwenye kikopo cha mafuta hayo, unapoa, unakuwa maji, maji yanazama na kuyasukuma mafuta kwenda kwenye silinda. Ukimaliza kuendesha unayanyonya yale maji kwa bomba la sindano la duka la dawa.

Hata baada ya yote hayo haikwenda. Mshale wa presha umefika paundi 40, valvu ya usalama inapuliza, nafungua mvuke, injini inatetemeka na kusimama. Nikamwita mzee mmoja wa mtaani, Mpare, aliyekuwa fayamani, mchochea moto wa injini, wa East African Railways kabla haijavunjika 1977. Nikamwamkia, akaketi kwenye kiti, akaitazama. "Mwanangu, silinda zimejaa maji. Sisi tulikuwa tunafungua vikoki kwanza." Hii yangu haina vikoki, vile vibomba vya kutolea maji kwenye silinda. Akanyoosha mikono, akaishika kwa kitambaa, akaisukuma mbele na nyuma, mbele na nyuma. Ikatema maji ya moto kwa hasira, ikakohoa, halafu ikamtoka mikononi ikaenda zake.

Tangu hapo ana kiti chake. Alifanya kazi njia ya Mombasa na Nairobi, kwenye zile injini kubwa za mvuke ziitwazo Garratt, za daraja la 59, zilizotengenezwa Manchester na Beyer Peacock, 34 kwa jumla, miaka ya 1955 na 1956, kila moja zaidi ya tani 250, na zilipewa majina ya milima. Iitwayo Mount Shengena, mlima wa kwao Upareni, iko makumbusho ya reli Nairobi, na hilo hachoki kulisema. Ananishinikiza nitafute modeli yake. Nimempigia hesabu: ile ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 31, kwa kipimo cha 1:22.5 ni karibu mita moja na nusu ya injini peke yake, na mchicha utaondoka. Anasema mchicha unapatikana sokoni.

Kabatini nina injini nyingine za kutazama zaidi, pamoja na moja ya Mamod ambayo silinda zake zenyewe ndizo zinazoyumba ili kufungua na kufunga mvuke. Inakimbia kama imeiba na haina adabu kwenye kona.

Gesi ikijaa inadumu kama nusu saa, na tangi limepimwa ili gesi iishe kabla ya maji, kwa hiyo usiongeze gesi bila kuongeza maji. Wanaotaka kuona waje Juni au Julai asubuhi, kukiwa na baridi, ndipo mvuke unaonekana. Mchana wa Januari inaenda vilevile lakini utadhani ni ya betri. Na mje na kichupa cha gesi, kile cha viberiti, maana wa mwisho alinijia na dawa ya mende.