Nilivyoisoma heshi ya objekti kwenye kichwa chake

Ukichapisha objekti ya Java isiyo na toString yake, unapata jina la klasi, alama ya @, kisha heshi, yaani namba ya kuitambulisha, kitu kama 2a139a55. Wengi wetu tumefundishwa kwamba hiyo ni anwani yake kwenye kumbukumbu. Mimi iliniwia vigumu kuamini: mzoa taka (anayefuta objekti zisizotumika) wa JVM, mashine pepe inayoendesha Java, huhamisha objekti, lakini namba ile haibadiliki. Sasa inakaa wapi? Nikaitafuta ndani ya HotSpot, JVM ya OpenJDK, Java 17, mashine ya biti 64.

Nilitumia JOL, zana ya mradi wa OpenJDK inayoonyesha objekti ilivyopangwa. Objekti tupu ina baiti 16: 8 ni neno la alama (biti za hali ya objekti), 4 kielekezi cha klasi, na hivyo viwili ndivyo kichwa; 4 za kujazia nafasi tu. Neno la alama lilisomeka 0x0000000000000001. Heshi hamna! Nikaita System.identityHashCode, inayorudisha heshi hiyo, nikachapisha upya: 0x0000002a139a5501. Kumbe heshi husubiri hadi iombwe mara ya kwanza, ndipo inaandikwa kichwani, na objekti ikihama inahama nayo. Yenyewe ni namba ya nasibu, haina undugu wowote na anwani.

Kuisoma kwa mkono si kazi: Unsafe.getLong(obj, 0L) (Unsafe ni klasi ya ndani inayosoma kumbukumbu moja kwa moja), sogeza biti 8 kulia, chuja kwa 0x7fffffff, kwa kuwa heshi ni biti 31. Ukitazama baiti mojamoja kwenye prosesa ya Intel utaziona zimegeuzwa, 01 55 9a 13 2a.

Kilichonitoa jasho ni kufuli. Ndani ya synchronized, inayofunga objekti ili uzi (thread) mmoja tu uingie kwa wakati, neno lote liligeuka, biti 2 za mwisho zikawa 00, heshi haionekani. JVM ilikuwa imeweka hapo anwani ya rekodi ya kufuli iliyo kwenye steki ya uzi, na neno la awali, pamoja na heshi yake, limehifadhiwa huko. identityHashCode hujua kulifuata. Unsafe hukupa biti zilivyo, ujijue mwenyewe. Kwa hiyo kodi yangu hukagua biti hizo 2 kwanza: zikiwa 01 inasoma, zikiwa vingine inamwachia identityHashCode.

Kwenye Java 24 nilipowasha UseCompactObjectHeaders, chaguo la kubana vichwa vya objekti, kichwa kizima kilibana ndani ya baiti 8: klasi imechukua biti 22 za juu na heshi inaanzia biti ya 11. Ile 8 ya kusogeza nimeiondoa kwenye kodi, sasa inachaguliwa kulingana na toleo.