Redio ya sebuleni kwa laki mbili
Jamani, Jumamosi nilishinda Kariakoo nikitafuta redio ndogo ya sebuleni, mfukoni nina laki mbili tu. Duka la kwanza wakanionyesha sabufa yenye taa za rangi, ubavuni imeandikwa wati 5,000 PMPO, yaani nguvu ya kilele ya kuvutia wateja tu. Nikaigeuza: nyuma, kwa herufi ndogo, RMS 40. Hiyo 40, wati inazotoa mfululizo, ndiyo nguvu yenyewe! Nilibeba flashi yangu ya taarabu, nikaomba waichomeke. Besi ikameza ala za nyuzi, udi na kanuni, zote. Duka la tatu nikakuta nyingine ya wati 30, spika mbili za mbao. Sauti ya mwimbaji ikatoka safi, hata pumzi yake unaisikia. Nikalipa laki na themanini. Mama tangu jana hajaizima.