Ukungu wa Testi Tyubu

Kidato cha tano ile orodha nilikuwa nayo kichwani: kabokatayoni (chembe yenye kaboni iliyobaki na chaji chanya) ya teshari, iliyoshikana na kaboni tatu, imetulia kuliko ya sekondari yenye mbili, ya sekondari kuliko ya praimari yenye moja, na ya methili isiyo na hata moja inashika mkia. Madesa yote ya twisheni pale Mwanza yaliiandika hivyo. Hakuna hata moja lililosema kwa nini, na mimi jambo hilo lilininyima raha. Kaboni zote hizo zimepoteza elektroni. Moja inapataje nafuu kuliko mwenzake?

Jibu nililipata alasiri moja kwenye maabara ya shule, upande wa Nyegezi, madirisha yote wazi kwa sababu ya mvuke wa asidi haidrokloriki kali. Madam alikuwa ameyeyusha ndani yake zinki kloraidi, mchanganyiko unaoitwa kitendanishi cha Lucas. Akapanga testi tyubu tatu, kila moja ina alkoholi ya kaboni nne. Tofauti iliyotuhusu ni aina ya kaboni iliyoshikwa na kundi la OH: teshari, sekondari au praimari.

Ya teshari ilijaa ukungu mweupe palepale. Ya sekondari ilikaa dakika kadhaa ndipo ikaanza kuingia ukungu. Ya praimari ilibaki angavu mpaka tunaosha vyombo.

Akatueleza: OH inabeba hidrojeni ya asidi na kuondoka ikiwa maji. Inapoondoka kirahisi, nyuma inabaki kabokatayoni, kloraidi inaikamata, na kinachozaliwa hakiyeyuki. Ndio ule ukungu. Kwa hiyo kasi ya ukungu inatuonyesha kabokatayoni ipi inaundwa bila taabu.

"Lakini Madam, kwa nini ya teshari haipati taabu?"

"Mwanangu, msiba wenye majirani si sawa na msiba wa peke yako. Majirani hawamrudishi marehemu, ila wanakuchangia."

Kisha akachukua chaki. Kaboni yenye chaji chanya ina elektroni sita za nje badala ya nane, na ina obitali (nafasi ya kukaa elektroni) moja tupu. Vifungo vya kaboni na hidrojeni vya jirani vinaegemea kwenye nafasi hiyo na kuimegea elektroni zao, na chaji inapungua ukali. Tukahesabu wote kwa sauti: ya teshari ina vifungo vya namna hiyo 9, ya sekondari 5, ya praimari 2. Ya methili haina hata kimoja. Orodha yangu yote ilikuwa ndani ya hesabu hiyo!

Angeweza kuishia hapo. Badala yake akatoa chupa ndogo ya alkoholi ya benzili. Ni praimari, kwa hiyo darasa zima tulitabiri kwamba haitaingia ukungu. Ikajaa ukungu haraka.

Nadhani hiyo ndiyo dakika iliyonifanya niipende kemia. Pembeni ya kaboni ile kuna pete ya benzini, na chaji haikai sehemu moja. Inagawanywa kwenye kaboni nne, ile ya nje na tatu za ndani ya pete. Mchango wa namna hii ni mkubwa kuliko wa vifungo vya jirani, ndiyo maana neno "praimari" peke yake halitoshi kukupa jibu.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kutabiri kinachozaliwa propini (propene, yenye kaboni tatu na kifungo maradufu) inapokutana na hidrojeni bromaidi. Niliimaliza ndani ya daladala kabla ya Mkuyuni: hidrojeni inakwenda kaboni ya pembeni, chaji inabaki ya katikati yenye majirani wawili, bromini inatua hapo. 2-bromopropani.