Jinsi nilivyotatua: SPSS iligoma kunipa jedwali la KMO

Dodoso langu lilikuwa na kauli 18 kuhusu ari ya kazi, kila moja ikijibiwa kwa kipimo cha 1 hadi 5. Nilipofanya uchanganuzi wa faktari (njia ya kupanga kauli zinazokwenda pamoja katika makundi machache, yaani faktari) kwenye programu ya takwimu ya SPSS, jedwali la KMO na jaribio la Bartlett, vipimo vya kama data inafaa kwa uchanganuzi huo, halikutokea kabisa. Chini ya matriksi ya uwiano (jedwali la jinsi kila kauli inavyohusiana na nyingine) palikuwa na onyo tu, na determinanti, namba inayokokotolewa kutokana na matriksi hiyo, ilisoma sifuri.

Siku mbili nzima nilidhani sampuli ni ndogo. Kumbe pamoja na zile kauli nilikuwa nimeingiza safu ya jumla ya alama. Jumla haileti taarifa mpya, imetokana na kauli zenyewe, na matriksi ya namna hiyo haina kinyume chake (inverse), kama vile namba isivyoweza kugawanywa kwa sifuri. KMO hukokotolewa kwa kutumia kinyume hicho. Nikaiondoa safu, jedwali likaja papo hapo.

Ila faktari ya kwanza ilinitia shaka, maana ilimeza karibu kila kauli. Nikatoa majedwali ya marudio, yanayoonyesha kila jibu limetokea mara ngapi, nikakuta 99, namba tuliyojaza pale mtu alipoacha kujibu. Programu ilikuwa ikiihesabu kama jibu halali! Walioruka maswali kadhaa ndio waliofanya kauli zionekane zinakwenda sambamba. Nikaitangaza 99 kuwa thamani inayokosekana, nikarudia.

Safari hii faktari tatu zilijitenga vizuri. Kwa kuwa kuridhika na mshahara na kuridhika na msimamizi huenda pamoja, nilipozizungusha faktari ili zisomeke kwa urahisi nilitumia mzunguko wa oblimini, unaoruhusu faktari zihusiane, badala ya varimaksi, usioruhusu. KMO nayo ilivuka 0.6, kiwango ambacho wengi hukitaka kwa uchache.