Nilivyojifunza kuvuka maji

Nilihamia Kigamboni kwa sababu ya kodi ya nyumba, nikijua fika kwamba maji nayaogopa. Kazi yangu iko Posta. Majirani zangu wanapanda pantoni, dakika chache wameshatua Magogoni. Mimi nilizunguka na Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, nikatokea Kurasini, nikaunganisha daladala nyingine na kukaa kwenye foleni. Nilifika kazini nimeshachoka. Nikiulizwa, nasema nina mizigo ya kupitia njiani.

Woga huu una chanzo. Mimi ni wa Mwanza. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa imeshakaribia kufika kwetu, imebeba watu kupita uwezo wake, na mamia wakafa. Nilikuwa mdogo, ila nakumbuka mtaa mzima ulivyokuwa matanga. Tangu hapo Mama hakuturuhusu hata kuchezea maji ya ziwa. “Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake,” alikuwa akisema, na simlaumu hata kidogo.

Nilichokuja kukigundua ni ile nafuu. Kila nikikaribia kivukoni moyo unaenda mbio, viganja vinalowa jasho, tumbo linakaza. Nikigeuka kutafuta daladala ya darajani, vyote vinatulia papo hapo. Nafuu hiyo ndiyo iliyokuwa inaulisha woga. Mwili ulijifunza kwamba nimepona kwa sababu nimekimbia, na haukuwahi kupewa nafasi ya kuona kwamba ningepona hata nisingekimbia. Nilipolielewa hili niliacha kungoja siku nitakayoamka jasiri.

Nilimpata mama mmoja wa makamo, mzaliwa wa Mafia, anayefundisha wanawake kuogelea kule Mjimwema. Alinipangia siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, kwa sababu siku hizo bahari haijai sana wala haipwi sana. Za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, alikataa kabisa. Mwanzo tulisimama tu, maji ya magoti. Kazi yangu ilikuwa moja: nisitoke mpaka moyo utulie wenyewe. Na unatulia! Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba woga usipokimbiwa hupanda, hufika kilele, halafu hushuka.

Kulala chali ndiko kulikonitoa machozi. Mkono wake ulikuwa chini ya kisogo changu, masikio yakaingia majini, kelele zote za ufukweni zikakatika, nikabaki nasikia pumzi zangu tu. Nikakaza shingo kuinua kichwa, na papo hapo miguu ikazama.

“Shusha kichwa, mwanangu. Usikibebe wewe. Vuta pumzi, jaza kifua.”

Nikajaza kifua, nikaja juu. Mapafu yenye hewa yanaelea, na maji ya chumvi yanabeba kuliko yale ya ziwa letu. Jitihada zangu za kujiokoa ndizo zilizokuwa zinanizamisha.

Pantoni nilianza kwa kukaa kwenye eneo la kusubiri, linaondoka naliangalia, siinuki mpaka moyo utulie. Baadaye nikavuka na jirani yangu, nimeng'ang'ania chuma cha pembeni. Kisha peke yangu. Siku hiyo nilishuka Magogoni shati limelowa, nikanunua chupa ya maji nikaimaliza nimesimama palepale.

Sikutegemea kwamba jambo hili lingehamia kazini. Miaka yote nilikwepa kueleza hesabu mbele ya kikao. Naandaa mimi, anasoma mwenzangu. Sasa naomba mwenyewe. Moyo unaenda mbio vilevile, ila najua utashuka mimi nikiwa bado naongea.

Kuna woga ambao sijauacha na sitauacha. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, au chombo kikijazwa kupita kiasi, nangoja kinachofuata, hata nikichelewa. Nikipanda boti ya Unguja naangalia kwanza jaketi okozi ziko wapi, ndipo nitafute kiti. Msiba wa 1996 unatosha kumfundisha mtu hilo.

Mama anakuja mwezi wa saba. Ameshasema pantoni hapandi, na simsukumi. Lakini amekubali twende Mjimwema, akanyage maji tu, na nimeshamwomba mwalimu atutafutie siku ya maji mafu.