Usiku wa tatu Amani

Bodaboda wa Muheza alitaka shilingi 35,000 kunipandisha Amani, kwenye milima ya Usambara, kilomita 30 tu! Nikambembeleza mpaka 30,000. "Dada, mvua hii unaiona, na tope la huko juu halina huruma." Kweli, mara mbili tulishuka tukaisukuma pikipiki.

Siku mbili za mwanzo ilinyesha tu. Usiku wa tatu nimejikunyata chini ya blanketi moja jepesi, katika chumba nilicholipia bei ya vyumba viwili vya Tanga mjini, jenereta ikaanza kunguruma nyuma ya nyumba. Mngurumo mzito, wa chini chini, unakoroma, unakatika, unaanza tena. Sikulala. Asubuhi nikamfuata mzee anayetembeza wageni.

"Shikamoo mzee. Ile jenereta haiwezi kuzimwa usiku?"

"Marahaba mwanangu. Hapa hatuna jenereta. Yule ni bundi."

Mwili ulinisisimka. Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga mjini. Kwetu bundi akilia, bibi alitupa chumvi motoni, nasi watoto tukatoka na mawe.

Jioni mzee alinipeleka ukingoni mwa shamba la hiliki, akamulika tochi pembeni ya tawi ili asimuumize macho. Bundi mkubwa, wa hudhurungi yenye michirizi, manyoya yamesimama kichwani kama masikio, kope nyeupe zenye samawati kwa mbali. Akazifumba polepole, akazifumbua.

Ndiye bundi wa Usambara. Mjerumani Reichenow alimpa jina la kisayansi mwaka 1908, kwa heshima ya Vosseler, mtaalamu wa wanyama aliyefanya kazi kituo cha utafiti cha hapahapa Amani. Wataalamu wengine humhesabu kuwa spishi ya peke yake. Wengine humuunganisha na bundi wa misitu ya Afrika Magharibi na Kongo, maelfu ya kilomita kutoka hapa. Kwa vyovyote, huku mashariki makao yake ni misitu ya milima michache kama Usambara na Uluguru.

Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Mzee alinionyesha hiliki zilizopandwa zamani kivulini: miti mikubwa imeachwa, ila miche yote ya chini ilifyekwa. "Hii ikianguka, ipi itashika nafasi yake?"

Niliposhuka Muheza nikampigia mama. Yule bundi wa mwembeni bado analia?

"Mwembe tuliukata mwaka juzi, mwanangu. Kwa ajili yake."