Wabandikaji wanarudi Tandika

Ni mwaka 2025, kampeni za uchaguzi mkuu zinaanza Agosti 28, na ukuta wangu wa mbele bado una sikio la picha ya mgombea wa serikali za mitaa wa Novemba mwaka jana. Sikio tu. Kwingine kote tulishabandua, ila aliyebandika kona ile alitumia gundi nyeupe ya maseremala. Gundi hiyo ikishakaukia kwenye rangi ya maji, ukivuta karatasi inakuja na rangi, ukikazana inakuja na lipu. Mwenye sikio namsalimia kila asubuhi akienda kazini, na wote wawili tunajifanya hatulioni.

Kwa wasionijua: nyumba yetu iko Tandika, Dar es Salaam, imetazama barabara. Mbele kuna fremu tatu, yaani saluni, duka la dawa na duka la Mangi, nyuma tunaishi sisi. Ng'ambo ya barabara kuna shule ya msingi, na siku ya kura shule ndiyo kituo. Bodaboda wana kijiwe pembeni, akina mama wanapita hapa kwenda na kurudi sokoni. Ukiwa mtu wa kampeni utautaka ukuta huu kuliko hata mimi mwenyewe.

Wabandikaji wa picha za wagombea hawaji mchana. Wanakuja saa nane usiku, vijana wawili watatu na ndoo ya uji wa ngano na fagio, na unasikia tu lile fagio likipiga ukuta, chwa, chwa, chwa. Asubuhi ukifungua mlango una wabunge. Mwaka 2020 nilikuwa nimeandikisha kwa rangi nyekundu NI MARUFUKU KUBANDIKA MATANGAZO HAPA. Wakabandika mulemule. Yakabaki maneno mawili, NI MARUFUKU, na chini yake mgombea anacheka.

Uji wa ngano wenyewe sina ugomvi nao. Unapakwa ukutani mzito, karatasi inalazwa, unapakwa tena juu. Ukija kuutoa unamwagia maji ya moto yenye sabuni ya unga, unaenda kunywa chai, ukirudi karatasi imelegea. Kama ukuta una rangi ya mafuta ni rahisi zaidi, inateleza nzima nzima. Ubaya wake ni wageni unaowaleta: mende usiku, na mchana mbuzi wa jirani, ambaye hana itikadi, anakula vyama vyote.

Kazi ni kubandua, na sisemi kubandua kwa mikono.

Kuna Maadili ya Uchaguzi, zile kanuni ambazo vyama, Serikali na Tume ya Uchaguzi wanasaini kabla ya uchaguzi. Kanuni hizo haziruhusu wafuasi wa chama kuchana au kuharibu mabango ya wenzao. Ni jambo la maana, vinginevyo mtaa ungekuwa unapigana kila alfajiri. Na mwaka huu hakuna asiyejua kwamba maadili si karatasi ya kufungia maandazi: Aprili 12 Chadema, chama kikuu cha upinzani, hawakusaini kule Dodoma, na Tume ikatangaza kwamba hawatashiriki uchaguzi. Basi mtaani neno lenyewe limekuwa zito. Mimi si chama wala mgombea, mimi ni mwenye ukuta. Lakini hebu simama mchana kweupe na ndoo na kipande cha bati, uanze kukwangua uso wa mtu wa chama fulani. Hujafika kidevuni, umeshapewa kadi ya chama kingine.

Ndiyo maana nakumbuka vizuri jioni ya kuamkia kura mwaka 2020, Oktoba 27. Sheria ya uchaguzi ina habari ya mita 200. Siku ya kura, ndani ya umbali huo kutoka jengo la kupigia kura, huruhusiwi kuvaa wala kuonyesha kadi, picha au alama ya kumuunga mkono mgombea. (Ni mita zilezile zilizovuma mwaka 2015, watu walipotaka kukaa nje ya umbali huo kulinda kura, hadi suala likafika Mahakama Kuu.) Kutoka geti la shule hadi ukuta wangu huhitaji futi kamba, mtoto anarusha jiwe anapiga dirisha langu, na wamesharusha.

Basi akaja ofisa mmoja wa mtaa: "Mama, hizi picha kesho zisionekane." Nikamuuliza nani atoe. Akaniambia ukuta si wako? Nikamwambia aniandikie kwa barua kwamba ameniagiza mimi kutoa picha za wagombea. Akacheka, akaondoka, barua sikuiona.

Nikamwita mjumbe wetu wa nyumba kumi aje ashuhudie. Lakini mjumbe, wote tunajua ni wa chama gani, kwa hiyo ushahidi wake peke yake ni nusu. Nikamwita na kijana mmoja wa kijiweni anayejulikana ni wa upande wa pili. Wakaja, wakasimama, na kabla maji hayajachemka wameanza kubishana: anatolewa nani kwanza? Ikabidi kila mmoja apewe ncha yake ya ukuta. Kijana akaanzia saluni, mjukuu wa mjumbe akaanzia duka la dawa, kila mmoja anatoa wa mwenzake huku mwenye chama anamtazama vidole. Wakakutana katikati, kwenye picha ya mgombea wa chama kidogo ambacho pale hakikuwa na mtu. Hakuna aliyetaka kumgusa. Nikamtoa mimi, nikamkunja vizuri nikampa Mangi, maana hata yeye alistahili shahidi.

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka jana ulikuwa mwepesi kidogo. Ule uko chini ya TAMISEMI, ofisi ya Serikali inayosimamia serikali za mitaa, na kampeni zilikuwa za siku saba tu, Novemba 20 hadi 26. Picha zilikuwa za kutoa kopi, nyeusi na nyeupe, wagombea wenyewe ni majirani. Mmoja alikuja mwenyewe saa kumi jioni, amevaa kiheshima: "Shikamoo mama, naomba nibandike moja tu pale kwa Mangi." Akabandika moja kweli.

Mabango makubwa ya turubai hayana kesi. Kura zikishapigwa, mbao zinaondoka kwanza, kisha turubai. Utalikuta sokoni limefunika nyanya, au kwenye banda la chipsi kuzuia upepo. Jirani yangu mwenye mbuzi ameezekea banda la kuku kwa turubai la 2020, na kuku wanalala chini ya ahadi ya maji safi. Ni hizi karatasi ndizo hazina mtu wa kuzitaka. Dada wa saluni kibao chake cha kusuka anakilipia ada manispaa, na miezi miwili yote kibao hakisomeki kwa sababu kuna mtu kabandikwa juu yake bure.

Mwaka huu nimepaka sehemu ya chini ya ukuta rangi ya mafuta ya kijivu. Pia nimenunua ubao wa plaiwudi, futi nane kwa nne, fundi ameufunga kwenye nguzo mbili za chuma kwa ndoano. Wabandike hapo, vyama vyote, kwa pini au kwa uji, shauri yao. Jioni ya Oktoba 28, kuamkia kura, nauchomoa ubao mzima na picha zake, nauingiza stoo. Sijachana mtu, na mita 200 zitakuwa safi. Mjumbe nimemwambia, kijiwe nimewaambia.

Juzi amekuja kijana wa chama kimoja anaulizia upande wa juu wote. Nikamwambia kampeni bado, na juu anapata robo kama wenzake. Anasema ataenda kuongea na wakubwa.